Ahadi ya Askari wa Marekani: mistari 13 na kipengele kilichoondolewa

REHEMA: Karibuni. Leo tunaingia kambini Marekani, kwenye maneno ambayo kuruta wa Jeshi la Nchi Kavu lazima ayajue kwa moyo ndani ya wiki 10 za mafunzo ya awali. Tuiite Ahadi ya Askari. Kaka Juma, tuanze kwa kuitenga na kiapo, maana watu huvichanganya.

JUMA: Naam, dada Rehema. Kiapo kimo kwenye sheria za nchi. Unakila siku ya kuandikishwa, mkono wa kulia juu, kwamba utaitetea Katiba. Ahadi haina nguvu hiyo. Askari aliyeacha bunduki yake ishike kutu hashtakiwi kwa kuvunja Ahadi. Atashtakiwa kwa kifungu cha 92 cha sheria ya kijeshi, uzembe kazini. Ahadi ni ya kukaririwa, kama zile ahadi za TANU walizokariri wazee wetu.

REHEMA: Hii inayotumika sasa ilipitishwa Novemba 2003 na Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, Jenerali Peter Schoomaker. Ukiangalia kalenda, vita vya Iraki vilikuwa vimeanza Machi.

JUMA: Na huwezi kuielewa bila Nasiriyah, mji wa kusini mwa Iraki. Machi 23, msafara wa kikosi cha matengenezo cha 507 ulipotea njia ukaingia mjini. Askari 33, magari 18. Hao ni mafundi, wapishi, makarani wa stoo, watu wa kuhudumia kikosi cha makombora ya Patriot. Walikufa 11, wengine wakatekwa. Ripoti ya jeshi lenyewe ilitaja silaha zilizokwama, ikasema huenda hazikutunzwa inavyotakiwa jangwani.

REHEMA: Hapo kwenye kukwama tusipapite haraka. Kwa nini M16, bunduki yao ya kawaida, ikwame?

JUMA: Bunduki hiyo inajiendesha kwa gesi ya risasi inayorudishwa ndani, kwa hiyo masizi yanaanza kujaa humo humo ndani hata kabla hujazungumzia vumbi. Sasa mtu anaona jangwa kali, anamimina mafuta mengi. Mchanga laini unanata kwenye mafuta, unageuka tope, na bolti, kile chuma kinachosukuma risasi, hairudi mpaka mwisho. Risasi inayofuata haiingii kwenye chemba.

REHEMA: Wakati dawa yake ni kazi ya dakika chache.

JUMA: Ni chache, ila kila siku, hata kama hujafyatua. Futa mafuta ya ziada, acha utando mwembamba penye msuguano tu. Kile kifuniko kidogo cha dirisha la kutolea maganda kifungwe muda wote usipofyatua. Magazini, kile kisanduku cha risasi, ndiyo husahaulika: toa risasi zote, pangusa ndani na springi, rudisha zikiwa kavu. Ukipaka mafuta humo umeuita mchanga mwenyewe.

REHEMA: Ndipo usome mstari wa tisa: "Daima ninatunza silaha zangu, vifaa vyangu na nafsi yangu." Angalia mpangilio. Nafsi imewekwa mwisho, na kambini ndivyo inavyokwenda, bunduki kwanza, chakula baadaye.

JUMA: Na mstari wa pili, "Mimi ni mpiganaji na mmoja wa timu." Unamlenga mpishi na karani kuliko komando. Komando hahitaji kuambiwa kwamba yeye ni mpiganaji.

REHEMA: Katikati ndiko kuna ile mistari minne wanayoiita moyo wa mpiganaji: nitatanguliza jukumu daima, sitakubali kushindwa, sitakata tamaa, sitamwacha mwenzangu aliyeanguka. Mifupi kwa makusudi. Mtu aliyechoka, anayepigiwa kelele na sajini, hawezi kukumbuka sentensi yenye vishazi vitatu.

JUMA: Kasoro yake ni kukariri kwa kundi. Kuruta 60 wakipaza sauti pamoja, watano wanaweza kuchezesha midomo tu. Sajini mjuzi anamtoa mmoja mbele, anamtajia mstari wa katikati, amalizie. Halafu anamuuliza: kutunza nafsi maana yake nini leo? Ajibu soksi kavu, maji, miguu isiyo na malengelenge.

REHEMA: Sasa nina ugomvi nayo. Ahadi ya zamani, iliyotumika baada ya Vietnam, ilikuwa ndefu, imejaa fahari ya sare na bendera. Kuikariri ni adhabu. Lakini ilikuwa na kipengele hiki: askari atatumia kila njia aliyo nayo, hata zaidi ya wajibu wake, kuwazuia wenzake wasitende ya aibu kwao na kwa sare.

JUMA: Jeshi lililotoka My Lai, kijiji cha Vietnam ambako askari wa Marekani waliua mamia ya raia, lilikuwa na sababu ya kutaka maneno hayo.

REHEMA: Mwaka 2003 yakaondolewa. Miezi hiyo hiyo ya mwisho wa mwaka wafungwa walikuwa wanateswa na askari wa Marekani katika gereza la Abu Ghraib, Iraki. Picha zikatoka Aprili 2004. Sisemi kufuta sentensi ndiko kulikosababisha. Walinzi wale walifundishwa chini ya maneno ya zamani.

JUMA: Hilo ni muhimu. Na watetezi wa mpya watakuonyesha mstari wa tatu: ninawatumikia watu wa Marekani na kuziishi tunu za jeshi. Tunu ziko saba: uaminifu, wajibu, heshima, kujitolea, staha, uadilifu na ujasiri binafsi.

REHEMA: Nimezisoma. Zote zinahusu mwenendo wangu mimi. Ipi inaniambia nimshike mkono mwenzangu anayempiga mfungwa?

JUMA: Ujasiri binafsi, kwa tafsiri ya wakufunzi. Unafundishwa kuwa ni pamoja na kumkabili mwenzako.

REHEMA: Kwa tafsiri, basi. Zamani kuruta aliitamka sentensi hiyo kwa mdomo wake. Mimi ningeirudisha, iwe mstari wa 14, maneno yasizidi kumi.