Vinara Wakae Mezani Wenyewe

Nimesema mara nyingi na leo narudia: vinara wa pande zinazogombana wakae mezani wenyewe, kwa sababu kila vita vikizuka barani tunakimbilia kutuma wajumbe. Mjumbe hana cha kuachia! Aachie nini, na kiti si chake?

Nairobi, Februari 2008. Ghasia zilizotokea Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba, Raila Odinga alipokataa matokeo yaliyompa Rais Kibaki ushindi, mnazijua. Kofi Annan, katibu mkuu wa zamani wa Umoja wa Mataifa, alikuwa mjini tangu Januari 22 kupatanisha, akiwa na Mama Graça Machel na Mzee Benjamin Mkapa. Timu mbili zikivutana pale hoteli ya Serena, huku Martha Karua wa upande wa Kibaki, kule James Orengo wa upande wa Raila, wanasheria hodari wote wawili, na madaraka ya waziri mkuu hayakubaliki. Februari 26 Annan akazisimamisha timu. Wengi walidhani amekata tamaa. Kumbe anawafuata wenye kauli. Siku mbili baadaye, Harambee House, ofisini kwa rais, Kibaki na Raila wakaketi chumba kimoja na Annan, Mkapa na Rais Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Kikwete akawaeleza jinsi Tanzania inavyoendeshwa na rais pamoja na waziri mkuu, na rais akabaki rais. Siku hiyo hiyo mkataba wa kugawana madaraka ukatiwa saini.

Najua kuna atakayeniambia kuwa serikali ya nusu mkate, yaani ile ya muungano, ilimzawadia aliyekataa matokeo. Ndugu yangu, watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Malaki walifukuzwa makwao. Ungewaambia wangoje mahakama ambayo upande mmoja umekataa katakata kuiendea? Serikali ile ilijaa ugomvi, sikatai. Lakini ndiyo iliyotupa katiba ya 2010.

Nigusie na ubunifu wa wananchi wenyewe, maana muda unaniishia. Wiki zile zile za ghasia vijana walitengeneza Ushahidi: mwananchi anatuma ujumbe mfupi, tukio linaonekana kwenye ramani. Hawakuagizwa na waziri yeyote. Sasa serikali inayozima intaneti wakati wa uchaguzi, kama Uganda mwaka 2021, inamziba mdomo mtu wa kwanza kuona moto ukiwaka.

Na Ajenda ya Nne ya mazungumzo yale ya Annan, iliyohusu mizizi ya ghasia, je? Ardhi, ajira za vijana, dhuluma za zamani. Hapo ndipo ninapokasirika. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, na waathiriwa wengi hawajaona fidia. Mbunge wenu akija kuwaomba kura, muulizeni ameisukuma wapi ripoti ile, na msimwachie kipaza sauti mpaka ajibu.