Kati ya Kengele ya Kwanza na Kengele ya Mwisho

Mwalimu mkuu, walimu, wazazi, na ninyi wajumbe wa kamati ya shule, habari za mchana. Nimealikwa nizungumzie unene uliopitiliza kwa watoto wa shule ya msingi. Sikuja na picha za watoto wanene. Nimekuja na glasi, kijiko cha chai na pakiti ya sukari, mnaviona hapa mezani.

Naomba mwalimu mmoja anisaidie kuhesabu. Kopo la soda la mililita 330 huwa na sukari kama gramu 35. Kijiko hiki, kikiwa hakina kilima, huchukua gramu 4. Moja. Mbili. Endelea, mwalimu. Nane, na cha tisa hakijajaa. Itazameni glasi. Hakuna mzazi humu ambaye angemwona mtoto wa miaka minane akitia vijiko vyote hivyo kwenye chai akanyamaza. Kwenye kopo hatuvioni, basi tunanyamaza. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600, hiyo ni gramu 40. Kopo moja limekaribia kumaliza fungu lake, na chakula bado hajagusa.

Sasa, kwa nini anainunua? Mtasema utamu, na mna haki. Ila nifuateni mpaka bombani. Kengele ya mapumziko imelia, dakika ni 15. Bomba ni moja na linachuruzika. Wa darasa la kwanza wanasukumwa nyuma na wakubwa. Aliye wa arobaini kwenye foleni anajua kabisa hatafika, na kule getini soda ya baridi haina foleni. Kiu ndiyo iliyompeleka getini, utamu ulimpokea tu.

Ujerumani walilijaribu jambo hili. Katika mwaka wa masomo 2006/07, shule za msingi kadhaa za Dortmund na Essen ziliwekewa vituo vya maji ya kunywa, watoto wakapewa chupa, na walimu wakafundisha vipindi vinne tu kuhusu maji. Mwaka ulipoisha, hatari ya mtoto kuwa na uzito uliozidi ilikuwa chini kwa asilimia 31 ikilinganishwa na shule ambazo hazikuguswa. Watoto walikuwa wameongeza glasi moja na kidogo ya maji kwa siku. Kamati ikiniambia ina fedha za jambo moja tu mwaka huu, nitasema maji: safi, ya baridi, na mabomba ya kutosha kumaliza foleni kabla ya kengele.

Najua wapo wanaosema watoto wa siku hizi ni wavivu na walafi. Mwaka 1990, asilimia 8 ya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 duniani walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 20, yaani zaidi ya watoto milioni 390. Ulafi haukuzaliwa juzi. Kilichobadilika ni vitu tulivyowazungushia, na ratiba tuliyowapangia.

Tukija kwenye ratiba, walimu mnisamehe. Kipindi cha michezo kipo kwenye karatasi ukutani, lakini mtihani ukikaribia kinageuka kuwa hesabu. Na hata kikifanyika, mpira mmoja kwa watoto 40 maana yake 30 wamesimama pembeni. Hesabuni dakika ambazo mtoto mmoja anahema kweli, mtashangaa. Anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku. Kinachoniudhi zaidi ni mtoto kunyimwa mapumziko kwa sababu hakumaliza kazi ya nyumbani. Mbona hatumnyimi kipindi cha kusoma?

Shule moja ya Stirling, Uskoti, mwaka 2012 ilianza kuwatoa watoto wote nje dakika 15 kila siku, wakimbie au watembee na nguo zilezile za shule. Hakuna timu wala mshindi, na yule mzito wa mwili hachaguliwi wa mwisho, maana hakuna kuchaguliwa. Utaratibu huo ukaenea nchi nyingi.

Lakini nisiwauzie ndoto. Mwaka 2018 huko Uingereza yalitoka matokeo ya jaribio katika shule za msingi zaidi ya 50: mazoezi yaliongezwa, familia zikafundishwa mapishi, na uzito wa watoto haukutofautiana vya kutosha na wa wenzao. Mimi nayasoma hivi: shule ikiongeza kitu kimoja juu ya siku ileile, na nyumbani mambo yakabaki yaleyale, mtoto atabaki vilevile.

Kuhusu mizani nitasema kwa ufupi. Msimpime mtoto mbele ya darasa. Nimewahi kusikia namba ikitajwa kwa sauti, darasa zima likacheka, na jina la "Bonge" likamganda yule binti mpaka anamaliza shule. Na msitumie vipimo vya watu wazima: uwiano wa uzito na urefu unaomfaa mtoto wa miaka saba sio wa miaka 11, na wavulana na wasichana wana chati zao.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mama. Anauliza: mtoto wake tayari ameshanenepa, aanze na nini kesho asubuhi?

Mpeleke kwanza kwa mhudumu wa afya apimwe kwa chati ya umri wake, faraghani. Usimpunguzie chakula kwa kubahatisha. Mara nyingi mtoto hahitaji kupungua hata kilo moja. Uzito ukisimama palepale, urefu unamfikia. Soda isiingie nyumbani kwa yeyote, baba akiwemo, maana akiachishwa peke yake atajua ni adhabu. Simu isilale chumbani kwake, kwa umri wake anahitaji usingizi wa saa tisa hadi 12. Na asubuhi hiyo, kabla hajatoka, mjazie chupa ya maji, kisha uje umuulize mwalimu mkuu itajazwa wapi ikiisha.