Bunduki Tupu: Mhadhara kwa Vijana Wanaoelekea Jeshini

Wazazi, vijana, na nyinyi maafande wastaafu mlioketi nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu, hamjambo.

Walionialika hapa Nakuru walinipa mada mbili: usalama wa bunduki, na ulengaji shabaha. Nimewaambia mada ni moja. Kidole kinachomuua mwenzako kambini na kidole kinachokukosesha shabaha uwanjani ni kidole kile kile, na kosa ni lile lile: kimegusa triga kabla ya jicho na akili kukubaliana.

Najua baadhi yenu barua ziko mfukoni. Wanaokwenda ukuruta mtapanda Eldoret, Moi Barracks. Wa kadeti hamwendi mbali, chuo kiko hapa Lanet, mama atasikia ukipiga kelele. Nyote mnadhani mkifika mtapewa risasi. Mtapewa bunduki tupu. Mtaibeba, mtaifungua vipande vipande, mtaisafisha, mtakimbia nayo kichwani, mtalala kwa tumbo nayo kwenye nyasi zenye umande, mpaka mtaichukia. Leo nimekuja kuitetea hiyo bunduki tupu. Na nimekuja pia kuwaeleza kwa nini ndiyo ninayoiogopa kuliko zote.

Niianze hofu kwanza. Askari aliyempiga mwenzake risasi kwa bahati mbaya hasemi kamwe, "Nilijua ina risasi." Husema, "Nilidhani ni tupu."

Chukueni G3, ambayo kwa miaka mingi imebebwa na askari wa Kenya, wa jeshi na wa polisi. Uzito kilo 4 na ushee, magazini ya risasi 20, risasi ya milimita 7.62 kwa 51. Ni bunduki mvumilivu. Lakini ina tabia moja ambayo kuruta lazima aijue mapema: ukifyatua risasi ya mwisho, bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, haibaki nyuma kukuonyesha kwamba zimekwisha. Inarudi mbele na kujifunga kama kawaida. Ukiitazama kwa nje, G3 tupu na G3 yenye risasi ndani ya chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, ni mapacha. AK-47 nayo ni hivyo hivyo. M4 hubaki wazi magazini ikiisha, na hiyo ni nafuu kidogo, ila nimeona nafuu hiyo ikiwafanya watu wavivu wa kukagua.

Sasa sikilizeni mpangilio wa kuondoa risasi, maana hapa ndipo watu hufa. Mtutu uelekee mahali salama. Sefti, kile kifungio cha usalama, iwe imefungwa. Toa magazini. Halafu, na ni baada ya hapo tu, vuta bolti nyuma, ifunge huko nyuma, tazama ndani ya chemba, ingiza na kidole uguse, kwa sababu usiku jicho hudanganywa. Mwenzako naye atazame.

Ukibadilisha hatua mbili tu, umeharibu kila kitu. Askari aliyechoka anavuta bolti kabla ya kutoa magazini. Risasi iliyokuwa ndani inaruka nje, inaanguka chini, kila mtu anaiona. Anaridhika. Anaiachia bolti, nayo inaporudi mbele inachukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuisukuma ndani ya chemba. Kisha anatoa magazini. Mkononi ana magazini, chini kuna risasi iliyoruka, na moyoni ana uhakika kamili kwamba bunduki ni tupu. Hapo ndipo hubonyeza triga ili kulegeza springi. Ndiyo maana kwenye lango la kambi utakuta pipa la mchanga, na ndiyo maana utaambiwa utie mtutu mle kabla ya kubonyeza. Likiwa limetoboka, ujue pipa hilo limeokoa mtu.

Angalieni pia saa ya tukio. Askari aliye kwenye doria yuko macho, anaiheshimu silaha yake. Hatari ni pale anaporudi, ametembea usiku kucha, buti zimejaa matope, anasikia harufu ya chai jikoni. Mwili umeshafika nyumbani na mikono imeachwa ifanye kazi peke yake. Mikono ikiwa imezoezwa mpangilio sahihi kwa bunduki tupu mara mia, itaufuata hata akili ikiwa imelala. Ikiwa ilizoezwa ovyo, itafuata ovyo.

Kanuni zenyewe mtazikaririshwa mpaka mziote: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, usielekeze mtutu kwa kitu usichokusudia kukipiga, kidole nje ya triga mpaka vilengeo viko juu ya shabaha na umeamua, jua unachopiga na kilicho nyuma yake. Sitazirudia moja moja. Ile ya mwisho tu niiongeze neno, kwa sababu vijana huiona ya mapambo. Risasi ya 7.62 ikikosa shabaha haisimami kwa aibu. Inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Kwa hiyo uwanja wa shabaha una tuta la udongo nyuma ya shabaha, una eneo kubwa lisiloingiliwa nyuma ya tuta, na bendera nyekundu hupandishwa ili mchungaji ajue leo ng'ombe wasipitie upande ule. Wazazi mnaoishi karibu na maeneo ya mazoezi, bendera hiyo mwafundishe watoto. Na kitu chochote cha chuma kilichoachwa porini kisiokotwe. Mwaka wa 2002 serikali ya Uingereza ililipa pauni milioni 4.5 kwa familia za wafugaji wa Samburu na Laikipia walioumizwa na mabomu yaliyobaki kwenye viwanja vya mazoezi. Wengi waliovikuta vitu hivyo walikuwa watoto wachungaji.

Sefti? Ni chuma. Chuma huchakaa, na kilichoifunga ni kidole cha binadamu. Ifunge, lakini usiitegemee.

Haya, sasa upande wa pili, ambao najua ndio uliowaleta. Kulenga.

Bunduki ya G3 ina kilengeo cha nyuma chenye tundu na kilengeo cha mbele chenye mwiba. Kati yao kuna kama sentimita 57. Chukua kalamu jioni upige hesabu: mwiba ukisogea pembeni milimita 1 tu, kwenye shabaha iliyo mita 100 utakosea kwa sentimita 17 na nusu. Mita 200, sentimita 35. Mita 300, zaidi ya nusu mita, yaani umempita mtu kabisa. Milimita moja! Hata mapigo ya moyo wako huisogeza bunduki.

Kutokana na hesabu hiyo utaona kwa nini mkufunzi anakulazimisha utazame mwiba, si shabaha. Jicho la binadamu haliwezi kuona vizuri vitu viwili vilivyo umbali tofauti kwa wakati mmoja. Kuruta hutamani kuitazama shabaha, kwa sababu ndiyo adui. Akiitazama, mwiba unafifia, unatoroka ile milimita, naye hajui. Mwiba uwe mkali kama sindano, shabaha iwe na ukungu kidogo. Inaudhi, lakini ndiyo njia.

Mwili nao una sehemu yake. Lala au piga goti, kitako cha bunduki kikae begani imara, halafu fumba macho. Pumua. Fungua macho. Bunduki inaelekea wapi? Ikiwa imekwenda kushoto ya shabaha, usiisukume kwa mikono kuirudisha. Sogeza kiuno, sogeza miguu, mpaka bunduki yenyewe itazame shabaha bila kulazimishwa. Msuli unaosukuma utachoka, na ukichoka utaachia wakati mbaya kuliko wote. Pumzi itoe, na katika ule utulivu mfupi kabla ya kuvuta nyingine ndipo ufyatue. Ukizidi sekunde 8 hivi umechelewa, jicho linaanza kuchoka. Pumua, anza upya. Hakuna aibu ya kuanza upya.

Na sasa kidole. Wengi wenu mmekulia Molo, Njoro, Bomet, Nandi, mmekamua ng'ombe tangu mkiwa wadogo. Mkono wa mkamuaji hubana vidole vyote pamoja. Ukifanya hivyo kwenye bunduki, mkono mzima unakunjamana na mtutu unazama. Kidole cha shahada kijifunze kutembea peke yake, kikirudi nyuma moja kwa moja, polepole, wenzake wakiwa wametulia. Bunduki ikilia ikushtue kidogo hata wewe mwenyewe. Halafu usiinue kichwa kwenda kuangalia umepiga wapi! Kaa hapo, triga ikiwa bado imebanwa, utazame mwiba umetua wapi.

Hayo yote yanafanyika bila risasi hata moja. Weka sarafu ya shilingi 10 juu ya ncha ya mtutu wa bunduki iliyokaguliwa na watu wawili, lenga, bonyeza. Sarafu ikianguka, ungekosa. Rudia. Jeshi la Waingereza kabla ya 1914 lilikuwa na askari wa miguu waliotakiwa kupiga risasi 15 kwa dakika moja, wakilenga, kwa bunduki ya Lee-Enfield ambayo kila risasi lazima uvute bolti kwa mkono. Wepesi ule walijengewa kwa risasi za bandia na bunduki zilizowekwa juu ya mifuko ya mchanga, kwa sababu risasi za kweli walipimiwa. Babu zetu wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya wakoloni Waingereza, waliopigana na Wajerumani pale Kisii Septemba 1914, walilelewa katika mila hiyo hiyo ya mazoezi. Sifa zake sizipigii debe zote, maana mengi yalikwenda na kiboko. Ila kwenye bunduki tupu walikuwa sawa. Leo tuna kiwanda cha risasi Eldoret, na bado mtahesabiwa kila ganda mnalorudisha.

Kuna maradhi moja ambayo bunduki tupu ndiyo dawa yake. G3 hupiga teke, na mlio wake ni mkali. Baada ya risasi kadhaa, bega linakumbuka. Kuruta anaanza kuisukuma bunduki mbele sekunde ile ile anayobonyeza, akipambana na teke ambalo halijaja. Risasi zote zinakwenda chini. Ukimwambia, anakataa kabisa, anasema vilengeo vimepinda. Basi mkufunzi mjanja humjazia magazini yeye mwenyewe, akachanganya risasi za kweli na za bandia zisizo na baruti, bila kumwonyesha mpangilio. Kuruta anafyatua, paa! Anafyatua, paa! Ya tatu, tik. Hakuna mlio, lakini mtutu umeinama kama unasalimia. Uwanja mzima umeona. Sijapata kuona mtu akibishana tena baada ya hapo.

Vilengeo huguswa mwisho. Piga kwanza risasi 3 au 5 bila kubadilisha kitu, ukilenga mahali pamoja. Zikikaa pamoja, hata kama ni pembeni kabisa, furahi: wewe ni mzima, bunduki ndiyo inahitaji kurekebishwa. Zikitawanyika kila kona, acha vilengeo, jirekebishe wewe. Nimeona makuruta wakizungusha kilengeo baada ya kila risasi, wakiifukuza ile ya mwisho, mpaka jua linatua.

Upepo niupitie haraka. Mita 100 usijali. Mita 300, upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa unaweza kuisogeza risasi ya 7.62 kama sentimita 20. Kule Kisumu mchana upepo hutoka ziwani kuja bara, usiku hugeuka. Hapa kwetu bondeni hubadilika unavyotaka. Tazama nyasi zilizo kati yako na shabaha. Bendera iliyo nyuma yako haikusaidii sana.

Masikio, tafadhali. Bunduki kama hiyo karibu na sikio hufika desibeli 160 hivi, na 140 zinatosha kuharibu. Wale wazee wa mlangoni nimewasalimu mara mbili kabla hawajaitikia. Ukitoka uwanjani nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mandazi, kwa sababu moshi na vumbi la risasi lina madini yenye sumu.

Mama mmoja aliniuliza pale nje kama mwanawe atakuja likizo na bunduki. Hapana, mama. Silaha ya jeshi hulala ghalani, na huandikwa inapotoka na inaporudi. Akija nayo nyumbani, hiyo si likizo, ni kesi.

Na kijana wa shati la bluu ameuliza kuhusu mkono wa kushoto. G3 hurusha maganda kulia, kwa nguvu, kwa hiyo ukipiga kwa bega la kushoto yatapita mbele ya uso wako. Inawezekana, wengi hufanya. Lakini jambo kubwa kuliko mkono ni jicho. Tujaribu sasa hivi. Nyoosheni mikono yote miwili mbele, viganja nje, acheni kitundu kidogo kati ya vidole gumba. Macho yote mawili wazi, tazameni saa ile ya ukutani ndani ya kitundu. Sasa fumbeni jicho la kushoto. Ikiwa saa bado mnaiona, jicho lenu kuu ni la kulia. Ikiwa imetoweka, ni la kushoto. Wale wanaoandika kwa mkono wa kulia na saa imetoweka, msiondoke, njooni hapa mbele tuongee kabla hamjapanda gari la Eldoret.