Wameumia Wangapi, Kati ya Wangapi?

Mwenyekiti, asante. Walimu, makocha, wauguzi wa shule, na nyinyi wanafunzi wa sayansi ya michezo mliokaa karibu na mlango kama watu wenye safari: sogeeni mbele, viti vipo.

Wanaonifahamu wanajua nitakachosema. Nimekisema katika kila ukumbi ulionipa kipaza sauti, na nitakisema mpaka nipokee ripoti ya majeraha ya shule yenye namba mbili. Ninazoletewa zina namba moja. "Msimu huu wameumia wanafunzi 16." Nukta. Chini yake mhuri wa shule, sahihi ya mkuu, mara nyingine na grafu ya rangi. Nauliza: 16 kati ya wangapi? Waliingia uwanjani mara ngapi? Kimya. Hakuna mwalimu hapa anayeweza kumwambia mzazi kwamba wanafunzi 16 wamefeli hisabati bila kutaja darasa lina wangapi, akaona amemaliza kazi. Kwenye michezo tunafanya hivyo kila mwaka na tunapigiana makofi.

Tuchukue makocha wawili. Namba nazitunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi, msihitaji simu. Kocha wa kwanza ana wachezaji 40, wanakutana mara tano kwa wiki, wiki 20. Wa pili ana wachezaji 15, mara mbili kwa wiki, wiki 20 hizo hizo. Kwa wa kwanza wameumia 16, kwa wa pili sita. Kikao cha shule kinakaa. Nani anaitwa kujieleza? Yule wa 16, bila shaka. Ataambiwa anawaua watoto wa watu kwa mazoezi makali. Yule wa sita atapewa cheti na kuombwa awafundishe wenzake.

Sasa tushuke kwenye namba ya chini, ile ya mara ambazo wachezaji waliingia uwanjani. Wachezaji 40, mara tano, mara 20: mahudhurio 4,000. Majeraha 16 kwa mahudhurio 4,000 ni manne kwa kila 1,000. Huyu wa pili: 15 mara mbili mara 20, mahudhurio 600. Majeraha sita kwa mahudhurio 600 ni kumi kwa kila 1,000. Aliyepewa cheti anaumiza watoto mara mbili na nusu ya yule tuliyemweka kikaangoni. Na hakuna aliyedanganya! Kila mmoja kaandika ukweli mtupu. Tulichokosa ni daftari la mahudhurio, na daftari la mahudhurio ndicho kitu pekee ambacho shule haijawahi kukosa tangu shule zianze kuwepo.

Hudhurio ni mwanafunzi mmoja katika zoezi moja au mechi moja. Akicheza dakika tano, hudhurio moja. Akicheza mechi nzima, hudhurio moja. Aliyekaa benchi mpaka filimbi ya mwisho hana hudhurio. Aliye pembeni na magongo anashangilia wenzake, hana. Huyu wa magongo nawaomba mumwangalie sana, maana makocha wengi humhesabu kwa sababu "alikuja". Alikuja, ndiyo. Ataumiaje akiwa kwenye kiti?

Naona bwana mmoja anatikisa kichwa. Najua anachosema: dakika tano na dakika tisini haziwezi kuwa sawa. Kweli kabisa. Ndiyo maana watafiti wa mpira wa miguu walikubaliana mwaka 2006 kwamba majeraha yahesabiwe kwa kila saa 1,000 za kucheza. Kipimo kizuri kuliko changu. Lakini shuleni mwalimu mmoja ana timu tatu na rundo la insha linamngoja mezani. Hiyo saa ya kuhesabu dakika za kila mtoto ataishika kwa mkono upi? Nipe kipimo kinene kinachojazwa kila siku, nikuachie kipimo chembamba kinachojazwa wiki ya kwanza tu ya muhula.

Na kinajazwa. Mwaka wa masomo 2005–06 Marekani walianzisha mfumo wa kukusanya taarifa za majeraha ya shule za sekondari kwa intaneti. Shule 100, michezo tisa. Kila wiki mtaalamu wa afya ya wanamichezo aliyepo shuleni aliandika vitu viwili: nani kaumia na kaumia vipi, na mahudhurio yalikuwa mangapi. Mwaka ule wa kwanza wakapata majeraha 2.4 kwa kila mahudhurio 1,000, michezo yote ikijumlishwa. Mpira wa Kimarekani, ule wa kugongana, ukaongoza kwa 4.36. Hilo halikumshangaza mtu. Tazameni hili sasa: katika mechi, majeraha 4.63 kwa kila mahudhurio 1,000. Katika mazoezi, 1.69.

Kocha ataniambia, "Lakini mimi vijana wangu wengi huumia mazoezini." Inawezekana kabisa ni kweli, na haipingani na nilichosema. Wiki ina mazoezi manne na mechi moja. Majeraha yatarundikana kwenye mazoezi kwa sababu huko ndiko watoto wanakoshinda. Ukiangalia rundo utapunguza mazoezi. Ukiangalia kiwango, yaani majeraha kwa kila mahudhurio 1,000, utaona kwamba mara moja ya mechi ni hatari karibu mara tatu kuliko mara moja ya mazoezi, na huenda mtoto uliyempunguzia mazoezi umempeleka kwenye mechi akiwa hajaiva. Rundo na kiwango vinaweza kukutuma njia mbili tofauti kwa data ile ile. Naomba hilo mliandike. Wewe wa mlangoni pia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa wasichana, na mtanivumilia kwa sababu nitaufikisha mwisho. Kwa miaka mingi watu walisema wasichana hawaumii michezoni. Walikuwa na ushahidi: orodha za majeruhi zilijaa wavulana. Marekani mwaka 1971–72, kabla sheria ya usawa wa kijinsia katika elimu haijaanza kufanya kazi, wasichana waliocheza michezo ya shule za sekondari hawakufika 300,000. Wavulana walikuwa zaidi ya milioni 3.6. Wasichana hawakuumia kwa sababu hawakuwemo! Milango ikafunguliwa, wakaingia kwa mamilioni, na baada ya muda magoti yakaanza kuwafikisha hospitalini. Hapo watu wale wale wakageuza wimbo: mnaona, mwili wa msichana haukuumbiwa michezo.

Mara zote mbili walikuwa wanasoma namba ya juu, ile ya walioumia peke yake. Ukiweka namba ya chini, ukalinganisha wavulana na wasichana katika mchezo mmoja, wenye sheria zile zile, mpira wa miguu kwa mpira wa miguu, kikapu kwa kikapu, unaona kitu ambacho hakuna wimbo uliokisema. Majeraha kwa ujumla hayapishani sana. Ila kano moja ndani ya goti, ile ya mbele inayozuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele, kwa wasichana huchanika mara mbili hadi tatu zaidi, na mara nyingi bila kuguswa na mtu: anatua kutoka hewani, au anageuka ghafla, goti linaingia ndani. Sasa tuna swali linalofanyiwa kazi. Anatuaje? Misuli ya nyuma ya paja ina nguvu kiasi gani? Nani alimfundisha kutua? Kutoka "wasichana hawafai" tumefika kwenye "tuwafundishe kutua". Safari yote hiyo imelipiwa na daftari la mahudhurio.

Na kutua kunafundishika. Norwei, kwenye utafiti uliochapishwa 2005, walichukua vilabu 120 vya mpira wa mikono vya vijana wa miaka 15 hadi 17, wachezaji 1,837. Vilabu vikagawanywa kwa bahati nasibu: vingine vikapewa mazoezi maalumu ya kupasha mwili, kukimbia, kutua, kusimama bila kuyumba, kuimarisha misuli, vingine vikaendelea na mazoea. Msimu mmoja tu, na majeraha ya goti na kifundo cha mguu yakapungua kwa karibu nusu. Dakika kumi na tano hadi ishirini za kupasha mwili. Makocha wanaoniambia hawana muda huo, huwa nawauliza wana muda gani wa kumsubiri mchezaji aliyepasuliwa goti arudi.

Haya. Kuna mtu hunishika kila mahali kwa hoja moja, na leo nitamjibu kabla hajanyoosha mkono. Husema: mbona vifo na kupooza vilipunguzwa kwa kuhesabu maiti na waliopooza tu, bila hayo mahudhurio yako? Anazungumzia mpira wa Kimarekani. Vifo vyake vinafuatiliwa tangu 1931. Mwaka 1968 vilifika 36 vilivyotokana moja kwa moja na mchezo, ngazi zote zikijumlishwa. Helmeti zikaboreshwa. Majeraha ndani ya fuvu yakapungua, na wakati huo huo shingo zikaanza kuvunjika zaidi, kwa sababu kijana mwenye helmeti nzuri aliona kichwa chake ni silaha, akawa anaingia nacho mbele. Hilo lilijulikana kwa sababu daktari wa mifupa Joseph Torg na wenzake waliandika kila shingo iliyovunjika ilivunjikaje. Mwaka 1976 kukabili kwa kutanguliza kichwa kukapigwa marufuku. Waliopooza mikono na miguu msimu ule walikuwa 34. Msimu uliofuata 18. Kufikia 1984, watano. Na mwaka 1990 hakukuwa na kifo hata kimoja cha moja kwa moja.

Kwa hiyo hoja yake ina nguvu, nami namkubalia nusu. Kwa jeraha adimu na baya kiasi hicho, kila kisa kinajitosheleza kuchunguzwa. Huhitaji kusubiri mahudhurio milioni ndipo ushtuke. Lakini angalia, hata hapo namba ya chini ilikuwepo. Hakuna aliyedhani vijana walikuwa wameacha kucheza kati ya 1976 na 1977. Wangekuwa wameacha, kushuka kutoka 34 hadi 18 kusingekuwa na maana yoyote. Wewe shuleni kwako hujui hata kama timu ilipungua nusu msimu ulipofika katikati.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nina mambo mengine manne, nitayapitia mbio.

Jeraha ni nini? Wale wa mfumo wa intaneti walilifunga hivi: limetokea kwenye mazoezi au mechi rasmi, limehitaji kuonwa na mtaalamu, na limemzuia mchezaji angalau siku moja. Ukibadilisha mstari huo mwezi wa tatu wa utafiti, tupa kila kitu uanze upya.

Pili, watoto wanaficha. Na hapa ningekuwa na saa nzima ningeitumia. Huko Milwaukee, Marekani, utafiti wa 2004 uliwauliza wachezaji 1,532 wa mpira wa Kimarekani wa sekondari, msimu ukiwa umekwisha, kwa karatasi isiyo na jina. Kati ya waliopata mtikisiko wa ubongo msimu ule, waliomwambia mtu hawakufika nusu. Waliokaa kimya wakaulizwa kwa nini. Theluthi mbili walisema hawakuona kama ni jambo zito. Asilimia 41 hawakutaka kutolewa mchezoni. Asilimia 36 hawakujua kwamba ule ni mtikisiko wa ubongo. Msomapo ripoti ya shule isemayo "mitikisiko: sifuri", kumbukeni kwamba sifuri inaweza kuwa afya na inaweza kuwa woga. Na aandikaye asiwe kocha. Simtukani kocha, nasema tu kwamba anayetaka kushinda Jumamosi asipewe kalamu ya kuamua Ijumaa nani ni mgonjwa. Mpe muuguzi, mpe mwalimu wa darasa.

Tatu, maumivu yanayokuja polepole. Goti la kijana anayerefuka, kisigino, bega la mrushaji, mgongo. Hawa hawakosi hata siku moja, kwa hiyo kipimo cha "siku moja nje" hakiwaoni. Wanorwei wana njia ya kumuuliza kila mchezaji kila wiki, aliye mzima na asiye mzima, maswali manne: umeshiriki bila shida? Umepunguza mazoezi? Uwezo umeshuka? Una maumivu? Ifanyeni. Zaidi ya hapo sina muda.

La nne, ridhaa ya kuingia kwenye utafiti, na hili, nyinyi wanafunzi, ndilo litakalowarudisha nyumbani na fomu zenu. Hawa ni watoto. Mzazi asaini, na mtoto naye aulizwe peke yake, kocha akiwa hayupo chumbani, na aambiwe kwamba akikataa nafasi yake kwenye timu haiguswi. Majina yabaki shuleni. Kwako zije namba tu badala ya majina. Na mtoto akijitoa katikati ya msimu na kutaka taarifa zake zifutwe, unazifuta. Unamtoa kwenye orodha ya majeraha, halafu unarudi kwenye mahudhurio unatoa ya kwake pia. Wengi wanasahau hapo! Wanamfuta juu wanamwacha chini, na kiwango cha shule nzima kinashuka bila hata mtu mmoja kupona.

Maswali.