Paa Hana Simu

SALMA: Asalaam aleikum na hamjambo nyote, karibuni tena, mimi Salma, niko hapa hapa Malindi, leo tumekaa barazani manake ndani stima imepotea na joto ni la kuua mtu, kwa hivyo mkisikia pikipiki au mwadhini msishangae. Kazungu yuko.

KAZUNGU: Niko, niko. Nimeahidiwa maji ya baridi sijayaona.

SALMA: Friji imezima, nikupe baridi nitoe wapi? Haya, leo nina kisa. Nina binamu yangu yuko Marekani, Texas, anaendesha malori. Juzi kanitumia voisi ya dakika saba, yaani ni kama khutba. Ati kuna mwenzake kazini, wamekaa wanakula mchana, simu ikalia tii, jamaa akaiangalia akacheka akamwonyesha. Picha ya kulungu dume mkubwa na pembe zake, anakunywa maji. Binamu akamuuliza hii ya lini? Akaambiwa ya sasa hivi, na huyo kulungu yuko mbali, mwendo wa saa mbili kwa gari.

KAZUNGU: Mm.

SALMA: Mwenyewe ana kamera imefungwa mtini, ina laini ya simu ndani. Kila mnyama akipita inapiga na kumtumia. Jamaa akasema huyu hunywa saa kumi na moja na nusu jioni, nimemfuata mwezi mzima, Jumamosi ni wangu. Na kweli Jumamosi kaenda, Jumatatu karudi na picha amemshika pembe. Sasa binamu ananiuliza, Salma, hiyo ni kuwinda au ni kwenda kuchukua oda?

KAZUNGU: Hahaha! Oda! Hapo amepatia. Hizo kamera nazijua, manake nimetembeza wageni msitu wa Arabuko-Sokoke miaka, na watafiti huja nazo. Kiboksi tu kama cha kufungia chakula, rangi ya majani, mkanda unazungushwa mtini basi. Ndani mna kitu cha kuhisi joto likitembea. Si kwamba inaona mnyama, la, inahisi kimepita kitu chenye joto tofauti na hewa ya pale, ndo inajiamsha kupiga picha. Usiku inamulika kwa mwanga ambao jicho letu haliuoni. Betri ndogo ndogo zile za rimoti zinakaa miezi. Na kuna kichekesho, huku kwetu saa saba mchana mwezi wa pili wakati hewa yenyewe imekua moto kama mwili wa mnyama, inaweza ikapitwa na paa ikalala usingizi.

SALMA: Kumbe hata mashine huzidiwa na joto la Malindi.

KAZUNGU: Hata mashine. Lakini ziko aina mbili na watu wanazichanganya. Ile ya zamani inaweka picha kwenye memori kadi, lazima uende mwenyewe uitoe. Hii ya binamu yako inatuma. Na mimi nikiulizwa ubaya uko wapi, ni kwenye hiyo kutuma.

SALMA: Kwa nini? Kamera ni kamera. Babu zako Kazungu, usinifiche, walikua wawindaji. Walikua na mbwa, wanajua kinyesi cha jana na cha leo, walikua wanamvizia mnyama majini vilevile. Tofauti iko wapi?

KAZUNGU: Sikufichi. Babu mzaa mama alikua na uta, na alikua akisema Wawaata ndo mabingwa, wale wa uta mrefu na mishale ya sumu, wanafika karibu na ndovu mpaka unasema huyu mtu ana wazimu. Lakini angalia, kusoma nyayo lazima uende. Ukienda unaacha harufu yako, unavunja kijiti, ndege anapiga kelele, upepo unakugeuka, mnyama anakujua upo. Siku kumi unaenda, tisa unarudi na kuni tu. Yaani wewe unampeleleza na yeye anakupeleleza. Sasa hii ya kutuma, wewe uko kazini unakula sendwichi na yeye hajui kama kuna mtu duniani. Wewe una simu, paa hana simu.

SALMA: Subhanallah. Paa hana simu. Hilo ndo jina la kipindi.

KAZUNGU: Na si mimi tu ninayesema hivi. Wawindaji wenyewe wa Marekani wamegombana sana juu ya hizi kamera. Arizona tume yao ya wanyama ilipiga kura 2021, na kuanzia Januari 2022 huruhusiwi kutumia kamera za aina hii kuwindia, zote, ya kadi na ya kutuma. Manake Arizona ni kukavu, maji ni mahali pachache, kila mnyama lazima aje pale pale. Utajificha wapi na kiu unayo? Watu walikua wanazijaza kwenye dimbwi moja, huyu anakuja kubadilisha kadi, yule anakuja, mnyama anashindwa hata kunywa.

SALMA: Hapo kweli ni dhulma. Kumnyima mtu maji.

KAZUNGU: Mnyama.

SALMA: Mnyama ana haki ya maji, uliza mashekhe watakwambia.

KAZUNGU: Sawa. Utah wao wamezifunga kwa msimu, toka mwisho wa Julai hadi mwisho wa Disemba, na wakakataza kuuza na kununua hizo picha za kuwindia. Manake ilishakua biashara, mtu anauza mahali dume kubwa lilipo. Halafu kuna chama chao cha zamani kabisa, Boone and Crockett, cha 1887, Roosevelt yule aliyekuja kuwa rais ndo alikianzisha na wenzake. Wanaandika rekodi za pembe. Wao wana neno lao, kama kusema mnyama apewe nafasi ya haki ya kutoroka. Ukitumia kamera inayokutumia picha papo kwa papo ukamfuata ukamuua, pembe zako haziingii kwenye kitabu.

SALMA: Haya nimekusikia, sasa ngoja nikubane. Roosevelt huyo si ndo alikuja huku kwetu 1909 akaua wanyama mpaka wakajaza meli? Leo chama chake ndo kitufundishe haki?

KAZUNGU: Hehe. Hapo sina jibu.

SALMA: Huna. Na nikubane tena. Mjomba wangu Shela ni mvuvi, baba yake alikua mvuvi. Baba yake alikua anajua miamba kwa kuangalia mnara na mkoko, akipanga hiki nyuma ya kile. Mjomba sasa ana GPS, na mwenzake kanunua ile mashine inayoonyesha samaki walio chini. Anaona fungu la samaki kwenye kioo papo kwa papo, anateremsha mshipi. Samaki naye hana simu. Mbona hapo hatusemi chochote?

KAZUNGU: ...Ni swali zuri hilo.

SALMA: Ni zuri, jibu basi.

KAZUNGU: Mimi nasema baharini pia tuna mipaka, tumezoea tu hatuioni. Kupiga samaki kwa bunduki ya kuzamia nayo hairuhusiwi Kenya, juya la kukokota ufuoni limekatazwa, na kila mvuvi anajua kwa nini, lile linazoa mpaka vitoto. Halafu angalia wale wa uvuvi wa mchezo hapa Malindi na Watamu, mambo ya sulisuli, hiyo ni kazi ya tangu kina Hemingway wanakuja hapa 1934. Boti ina kila mashine, sawa, lakini samaki akishashika, sheria yao ya IGFA, kile chama cha dunia cha uvuvi wa mchezo, mwenye rodi ndo apigane naye peke yake. Nahodha akigusa tu ile rodi samaki hahesabiwi, hata kama mzee amechoka mikono inatetemeka. Yaani wamekubaliana hapa mashine inatosha, hapa mtu aanze.

SALMA: Lakini hayo Kazungu ni ya mtu aliyeshiba! Yeye anatafuta kumbukumbu ya kutundika ukutani. Mjomba anatafuta ada ya shule. Ukimwambia mjomba mpe samaki nafasi atakutupa majini. Mwenye njaa na anayecheza hawapimwi kwa mizani moja. Hata dini, kuwinda ili ule ni halali, Qur'ani yenyewe imetaja wanyama wa kuwindia waliofunzwa, lakini kukifanya kiumbe chenye roho shabaha ya kuchezea, hapo umekatazwa.

KAZUNGU: Nakubali. Nakubali kabisa, na ndo maana yule wa Texas ananisumbua zaidi, manake yeye anataka pembe na sifa. Sifa ya kitu gani sasa, ya kununua betri? Mwenye njaa angetumia chochote na ningenyamaza.

SALMA: Chochote? Hata kumulika?

KAZUNGU: Aa, kumulika, usinianzishe. Kwa wasiojua, mtu anaingia usiku na kurunzi kali, paa akimulikwa machoni anaduwaa, anasimama tu, unamfuata unampiga. Na ni kosa kisheria. Sasa kuna mmarekani mmoja, George Shiras, aliyekua mwindaji, kwao walikua wanafanya vilevile, mtumbwi kimya ziwani usiku, taa mbele, kulungu anaduwaa. Huyu baadaye akaacha bunduki akaweka kamera mahali pa bunduki. Taa ile ile, mtumbwi ule ule. Na akatega uzi, mnyama akiugusa anajipiga picha mwenyewe. National Geographic wakazitoa 1906. Kwa hivyo hii kamera baba yake ni mwindaji aliyechoka kuua, halafu miaka mia baadaye wawindaji wakaichukua ikawasaidie kuua. Mimi hiyo huwa inanichekesha na kunisikitisha pamoja.

SALMA: Imerudi kwa wajomba zake.

KAZUNGU: Imerudi.

SALMA: Lakini kuna mtu sasa hivi anasikiliza akiwa Mpeketoni au Kizingitini anasema nyinyi wawili mna kazi gani, Kenya kuwinda kumefungwa toka 1977, hizi habari za Texas zatuhusu nini?

KAZUNGU: Zatuhusu sana, manake kamera zenyewe ziko. Hapo kwenu Lamu, msitu wa Boni na Dodori, watafiti walitega na KWS, shirika letu la wanyamapori, na 2010 dunia ikatangaziwa kumeonekana sengi ambaye walidhani huenda ni wa aina mpya. Yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga. Na wakapata paa nunga wengi, ambaye watu walidhani amebaki Unguja na wachache tu huku kwetu Arabuko-Sokoke. Hiyo ni kazi nzuri, sina neno nayo.

SALMA: Ngoja, mimi neno ninalo. Waaweer wamekaa msitu huo toka lini? Wao walikua wanaishi kwa kuwinda na asali, wanaongea na ndege wa asali anawapeleka mzingani. 1977 wakaambiwa basi, hakuna kuwinda, shika jembe. Halafu inakuja kamera, inapiga mnyama ambaye mzee wa kijiji cha Basuba pengine amemuona maisha yake yote, inasemwa amegunduliwa. Amegunduliwa na nani? Kiboksi?

KAZUNGU: Kiboksi cha betri nane.

SALMA: Mzee aliyekua anajua ameitwa jangili, na mashine ndo shahidi. Mimi hapo ndo huwa nakasirika, na sisemi msitu ufunguliwe, nasema mngemuuliza kwanza.

KAZUNGU: Na kiboksi hakichagui. Kinapiga chochote chenye joto, na mimi na wewe tuna joto. Niwape langu mcheke. Siku moja niko msituni, wageni nimewaacha mbele na mwenzangu wanatafuta ndege, nikabanwa. Nikaingia kando. Niko katika shughuli zangu, nainua kichwa, mbele yangu mtini kimenikodolea.

SALMA: Mungu wangu!

KAZUNGU: Mwezi mzima sikulala vizuri. Nafikiria kuna mtu amekaa ofisini anahesabu picha, paa mmoja, nyani wanne, Kazungu mmoja.

SALMA: Hahahaha! Wallahi nimekufa.

KAZUNGU: Cheka, lakini mimi mwanamume yameisha nikacheka. Huko India, mbuga ya Corbett, utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge uliotoka 2024 ulionyesha kamera za namna hii zimepiga wanawake walioenda kuokota kuni, na picha ya mwanamke mmoja akijisaidia ikasambazwa mpaka kwenye WhatsApp. Wanakijiji wakazivunja kamera. Na kuna jambo limenikaa, wale wanawake walikua wakiimba msituni, pamoja na mengine ni kuwafukuza wanyama wasikutane nao ghafla. Wakijua kuna kamera wananyamaza. Na kunyamaza kwenye msitu wenye chui na tiger si salama.

SALMA: Astaghfirullah. Na huku kwetu akina mama wanaingia msituni kuokota kuni vilevile.

KAZUNGU: Wanaingia kila wiki. Kwa hivyo mimi nikiona mtu anafunga kamera namuuliza matatu tu, picha inakwenda kwa nani, inafika lini, na walio njia hii wameambiwa? Mtafiti anayeichukua baada ya miezi mitatu sina shida naye, mnyama yule ameshahama zamani. Anayeiona sasa hivi, huyo simwamini haraka, hata akiwa na barua.

SALMA: Na askari wa wanyama je? Wao si wanataka waione sasa hivi wamkamate jangili?

KAZUNGU: Hapo sasa papo kwa papo inamsaidia paa. Sawa, nimejifunga mwenyewe. Lakini hata hapo, ile picha ikitoka na mahali ilipopigwa, ikaingia kwenye grupu, jangili naye yumo kwenye grupu. Mimi wageni wangu nawaambia piga, furahi, usiandike tuko wapi.

SALMA: Haya muda umekwenda na simu yangu iko asilimia nne. Binamu nimjibu nini?

KAZUNGU: Mwambie amuulize mwenzake nyama aliila nani.

SALMA: Aliila, alikula na watoto wake, hata binamu alipewa soseji za huyo kulungu pakiti nzima.

KAZUNGU: Akala?

SALMA: Hakula, aliogopa haijachinjwa. Kampa jirani yake mmeksiko, na jirani ndo amesema ni tamu sana.