Kambi ya Macho Huanzia Uani

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi.

Mmeniita nizungumzie namna ya kuandaa kambi ya macho, nami nitaanza na kosa letu. Kambi yetu ya kwanza tulibandika matangazo sokoni, stendi na zahanati. Watu wakafurika. Jioni tulipopitia daftari, karibu wote walikuwa wametaka miwani ya kusomea. Wenye mtoto wa jicho, ambao ndio hasa tuliowafuata, hawakufika. Asiyeona atasomaje tangazo? Yuko uani, kwenye mkeka, na watu wa nyumbani wameshasema huo ni uzee.

Kwa hiyo wiki mbili kabla ya kambi, piteni nyumba kwa nyumba pamoja na balozi wa nyumba kumi na mhudumu wa afya wa jamii. Chukueni tochi. Mkiona mboni imekuwa nyeupe kama maji ya mchele, andikeni jina, na hapohapo ulizeni nani atamsindikiza na nauli itatoka wapi. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Hiyo ichangishwe kwanza, kabla ya fulana na maturubai.

Hofu mtaikuta. Wapo wanaoamini jicho hung'olewa, likaoshwa, likarudishwa. Waelezeni bila haraka: mgonjwa hupigwa ganzi, daktari huchana sehemu ndogo tu, akatoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia. Daktari wa macho Mwingereza, Harold Ridley, aliiweka ya kwanza London mwaka 1949. Hakuna anayekuja kufanyiwa majaribio. Ila msimwahidi kila mtu. Ambaye mshipa wake wa fahamu umeharibiwa na presha ya macho, upasuaji haumrudishii alichopoteza. Ana haki ya kuambiwa hivyo kwa upole, asizungushwe.

Kibali cha mganga mkuu wa wilaya, vipimo vya sukari na presha, chati ya herufi E ya kupimia uwezo wa kuona kutoka mita 6: hayo wauguzi watawaongoza. Miwani iliyokwishatumika naomba msipokee, kila moja ilitengenezewa macho ya mwenyewe. Nunueni mipya ya kusomea, yenye nguvu ya lenzi kuanzia +1 hadi +3, na mtu ajaribu kwa kutunga uzi kwenye sindano.

Asubuhi ya kufungua bandeji nilikaa na bibi mmoja. Hakupiga kelele, wala hakulia. Aliinua kidole gumba akawa anautazama ukucha, anaugeuza huku na huku, muda mrefu. Sisi tulikuwa tumeshaanza kukunja maturubai, na gari la madaktari limeshawashwa. Lakini jicho lile lilihitaji dawa ya matone kwa wiki kadhaa, na likiwa jekundu au likianza kuuma, arudishwe hospitali siku hiyohiyo.

Nikamgeukia mjukuu aliyeshika chupa, nikamuuliza atamtilia mara ngapi kwa siku. Akanionyesha vidole vinne. Nikaandika namba ya simu ya mama yake.