Kupima alama ya HEART pale kasualti (usiandike sifuri kama hujapima)

Hamjambo wenzangu wa kasualti na nyinyi wanafunzi wa uuguzi, leo niko hapa Kisumu tufanye alama ya HEART, ile ya kukadiria hatari ya moyo kwa mgonjwa ameingia akilia kifua. Ilitoka Uholanzi mwaka 2008, ina vitu vitano, yaani historia, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), umri, vitu vya kuongeza hatari na troponini (protini inayoonekana kwa damu moyo ukiumia), kila kimoja 0, 1 ama 2, jumla 10. Lakini kwanza mgonjwa awekwe ECG ndani ya dakika 10 tangu aingie, na ukiona ST (kipande cha mstari wa ECG) imepanda vile ya hati ataki wachana na hesabu, huyo ni wa kuitia daktari saa hiyo hiyo.

Haya, historia, na hapa usikimbie. Huku kwetu mtu hasemi kifua, anasema roho inanidunda ama hizi ni ulcers tu nipee dawa niende. Muulize, inabana ama inadunga? Inapanda mpaka taya, inashuka mkono? Inakuja ukibeba mzigo na kutulia ukikaa? Ulitokwa na jasho? Kama ni ya kubana hivyo na kusambaa weka 2, kama ni nusu nusu 1, kama inauma tu ukibonyeza kwa kidole 0. Na akina mama, wazee na watu wa sukari wanaweza kuja bila maumivu yoyote, pumzi imekata na mwili umechoka basi, tafadhali hao msiwarudishe kwa benchi.

ECG ikiwa safi 0, imebadilika lakini haisemi kitu wazi 1, ST imeshuka kabisa 2. Umri chini ya 45 ni 0, 45 hadi 64 ni 1, 65 kwenda juu ni 2.

Sasa vitu vya kuongeza hatari: presha, sukari, mafuta kwa damu, unene, sigara hata kama ameacha mwezi jana, ugonjwa wa moyo kwa familia. Hakuna hata moja 0, moja ama mbili 1, tatu kwenda juu 2, na kama alishapata hati ataki ama stroke ni 2 moja kwa moja. Hapa ndio huniuma sana. Unauliza mama uko na presha, anasema hapana, unaandika 0, kumbe hajawahi kupimwa tangu azaliwe! Tuseme ni muuza samaki wa Dunga, miaka 58, historia 1, ECG 1, umri 1, troponini 0. Ukiandika hatari 0 anapata 3, anaenda nyumbani. Funga ile mashine ya presha kwa mkono, toboa kidole uangalie sukari, ukipata anazo ni 4 na mama analala hapa.

Troponini kawaida 0, mpaka mara 3 ya kiwango cha kawaida 1, kupita hapo 2. Labu ikiwa haina kipimo acha nafasi wazi na mwambie daktari, usijaze 0.

Ukijumlisha, 0 hadi 3 hatari ni ndogo, 4 hadi 6 anabaki, 7 kwenda juu daktari wa moyo ajue sasa hivi. Huyo wa 4 andika kwa faili saa uliyotoa damu, ndio wa zamu ya usiku ajue saa ya kurudia troponini, masaa 3 baadaye.